Siku 22 Kabla ya Kichwa Kuuma

Kuna fangasi anayeishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa ambaye wataalamu humwita Cryptococcus neoformans. Wengi wetu tumeshamvuta kwa pumzi bila kujua, kinga ya mwili ikamdhibiti hukohuko mapafuni, na mambo yakaishia hapo. Kwa mtu ambaye VVU vimeshaibomoa kinga yake, hali huwa nyingine. Seli zake za kinga ziitwazo CD4 zikishashuka chini ya 100 kwa kila milimita moja ya ujazo wa damu, fangasi huyo huweza kutoka mapafuni, kuingia kwenye damu na kuelekea kwenye ubongo. Kichwa huanza kuuma, na maumivu hayo hayasikii dawa. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, mgonjwa anaambiwa ana malaria na kutibiwa malaria. Kisha macho yanaanza kuona vitu viwiliviwili, fahamu zinakwenda na kurudi, na hapo ndipo ndugu wanapohangaika kutafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi huyu iliua watu wapatao 112,000 duniani mwaka huo. Ni karibu mtu mmoja katika kila watano waliokufa kwa UKIMWI, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea katika Afrika kusini mwa Sahara.

Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa huu hutoa taarifa mapema. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifuatilia watu wanaoishi na VVU nchini Uganda walichapisha matokeo ya kazi yao. Walikuwa na damu ya washiriki iliyohifadhiwa, kwa hiyo mtu alipougua waliweza kurudi nyuma na kuipima damu aliyoitoa kabla hajaugua. Wakagundua kuwa vipande vya fangasi vilikuwa tayari vimo kwenye damu kabla ya dalili yoyote. Kwa nusu ya wagonjwa zilikuwa siku 22 au zaidi. Kwa mmoja zilikuwa siku 5 tu, kwa mwingine 234.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya vipimo vya damu vinavyotumia elimu ya kinga ya mwili kuwahi maradhi. Uwanja huo ni mpana, nami nimechagua kuufungua na fangasi huyu kwa sababu anaibeba vizuri kuliko wengine hoja ninayotaka kuitetea: ubora wa kipimo cha kuwahi ugonjwa hauko katika idadi ya siku kinazotangulia dalili. Uko katika kile tunachomfanyia mgonjwa ndani ya siku hizo.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Mwili ukivamiwa na kimelea hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua mvamizi na kumshika. Kile kinachoshikwa, kipande cha mvamizi mwenyewe, ndicho antijeni. Vipimo vingi tulivyovizoea hutafuta kingamwili. Kipimo cha haraka cha VVU kiko hivyo, na Widal, ambacho kimewapa watu wengi wa nchi zetu jina la taifodi, kiko hivyo pia. Udhaifu wa Widal ni kwamba kingamwili huweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, na nyingine huchochewa na vimelea wengine kabisa. Ndiyo maana mtu mwenye homa ya aina yoyote anaweza kutoka maabara na majibu ya taifodi asiyokuwa nayo. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka kuna shida kubwa zaidi: mwili wake hauna tena nguvu ya kutengeneza kingamwili za kutosha. Unaweza kuzitafuta usizione, ukamruhusu aende nyumbani akiwa na fangasi wake.

Kwa hiyo hapa hutafutwa antijeni. Fangasi huyu hujifunika ganda nene la sukari changamano, na vipande vya ganda hilo humwagika kwenye damu. Kijiti cha kipimo kimepakwa kingamwili zilizotengenezwa maabara, kwa mbinu iliyoasisiwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Zikikutana na vipande vya ganda huvishika, na mstari hujichora. Mtaalamu wa maabara huhitaji damu kidogo na dakika 10, na majibu huyasoma kwa macho yake bila mashine. Kijiti cha namna hii kiliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na bei yake ni dola chache. Mwili uliopokonywa kingamwili zake unaazimwa za maabara. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo elimu ya kinga imewatendea wagonjwa.

Sasa tuone siku hizo zinavyotumika. Mwaka 2010 timu ya Kampala iliyoongozwa na Dk. David Meya ilichapisha taarifa ya wagonjwa walioanza dawa za kufubaza VVU (ARV) wakiwa na CD4 zisizozidi 100. Walikuwamo 26 waliokutwa na antijeni ya fangasi bila kuwa wamewahi kuugua homa ya uti wa mgongo inayoletwa naye. Kati yao, 21 walipewa flukonazoli, dawa ya vidonge, kwa wiki 2 hadi 4. Baada ya miezi 30, asilimia 71 yao walikuwa hai. Watano waliobaki walitumia ARV bila flukonazoli, na wote watano walikufa ndani ya miezi 2.

Naomba msomaji asiipite haraka habari ya watu hao watano. Si watu waliojificha majumbani wala waliokimbilia kwa waganga. Walikuwa wameshapima VVU, wameshaikubali hali yao, wameshafika kliniki na wameshaanza ARV. Kilichowatenganisha na wenzao 21 ni vidonge vya wiki chache. Idadi ni ndogo, na mtakwimu atatuonya tusiikuze. Lakini tafiti zilizofuata zimekuwa zikielekea upande uleule.

Lipo pia suala la hofu, ambalo majarida ya kitaalamu huligusa kwa aya moja na kuliacha. Mgonjwa akifika na kichwa kilichouma wiki tatu, daktari hulazimika kumtoa maji ya uti wa mgongo, ili yapimwe na ili kupunguza shinikizo ndani ya fuvu. Ndugu wengi hukataa. Wamesikia kwamba aliyechomwa mgongo hamalizi wiki. Na mara nyingine kweli haimalizi, kwa sababu alifikishwa akiwa amechelewa, na sindano ikabeba lawama za fangasi. Siwalaumu ndugu hao, maana wameona walichokiona. Hofu yao haitaondolewa na mabango ukutani. Itapungua watakapoanza kuwaona majirani waliotolewa maji hayo wakirudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe. Anayekutwa na antijeni mapema bado hushauriwa kutolewa maji ya uti wa mgongo, ili ihakikishwe kwamba ubongo haujaguswa. Ila huyu anazo nguvu za kuketi, kuuliza maswali na kukubali kwa kinywa chake, badala ya kaka au shangazi kukataa kwa niaba yake.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka hapa kwetu. Utafiti wa REMSTART ulifanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukiongozwa na Dk. Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na ulichapishwa katika The Lancet mwaka 2015. Washiriki walikuwa 1,999, wote wakiwa na CD4 chini ya 200 na wakielekea kuanza ARV. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu ya pili walipimwa antijeni ya fangasi, waliokutwa nayo wakapewa flukonazoli, na zaidi ya hapo wakatembelewa nyumbani mara moja kwa wiki katika wiki 4 za mwanzo na watu waliopewa mafunzo, wasio wauguzi wala madaktari. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa wamekufa. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 13. Vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Kuna wanaousema utafiti huo kwa sababu haukutenganisha kazi ya kijiti na kazi ya matembezi. Mimi naona hapo ndipo ulipopatia. Yule aliyebisha hodi, akakaribishwa, akauliza kama vidonge vimemezwa na kama usiku umepita salama, alikuwa sehemu ya kipimo. Bila yeye majibu yangebaki kwenye daftari la maabara.

Linganisha na yale yanayouzwa mijini. Vifurushi vya kupima mwili mzima hunadiwa kwa watu wenye afya na uwezo wa kulipa, na vingine huwa na viashiria vya saratani kama CA-125, ambacho nacho ni kipimo cha kinga. Uingereza ilikijaribu kwa uangalifu mkubwa: wanawake zaidi ya 200,000 waliandikishwa kati ya 2001 na 2005 na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo ya mwisho yalitoka 2021. Miongoni mwa waliopimwa damu kila mwaka, saratani ya ovari iligunduliwa katika hatua za awali zaidi, lakini vifo vya saratani hiyo havikupungua kwa kiwango cha kuonekana. Ugonjwa uliwahiwa, na mwisho wake haukubadilika. Mwenye dalili, au mwenye saratani katika ukoo, amsikilize daktari wake. Lakini mtu mzima anayelipia orodha ndefu ya vipimo kwa kuamini kwamba kuwahi pekee ni kupona, anauziwa matumaini ambayo ushahidi hauyaungi mkono.

Kipimo cha fangasi kina ushahidi, nacho hukwama mahali pengine. Ili kujua nani apimwe, lazima CD4 zijulikane. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwenye VVU aanze ARV bila kusubiri CD4 zishuke. Ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa bahati mbaya, wafadhili na mipango mingi waliuchukulia kana kwamba CD4 hazina kazi tena. Fedha zikahamia kwenye kupima wingi wa virusi, na huduma ya kupima CD4 ikadhoofika. Wakati huohuo watu waliendelea kuja wakiwa wamechelewa, na walioacha dawa waliendelea kurudi wakiwa hoi. Na si wote huonekana hoi. Mtu mwenye CD4 60 anaweza kuingia kliniki akitembea, amevaa vizuri, akasalimia kila mtu, akachukua dawa zake na kuondoka. Tangu 2020 kipo kijiti cha haraka kilichopitishwa na shirika hilohilo kinachoonyesha kama CD4 ziko juu au chini ya 200. Kwa hiyo zahanati isiyo na mashine haina tena sababu ya kubahatisha.

Afrika Kusini ilianza mwaka 2016 kufanya jambo jepesi kwa nchi nzima. Damu iliyofika maabara za taifa kupimwa CD4 na kukutwa chini ya 100 ilipimwa antijeni ya fangasi palepale, kwa sampuli ileile, bila daktari kuandika ombi jipya. Mgonjwa hakuitwa mara ya pili wala kutafuta nauli nyingine, na usalama wake haukutegemea kumbukumbu ya daktari mwenye foleni ya watu sitini mlangoni. Utaratibu huo ndio ninaoudai kwa kila maabara ya wilaya Afrika Mashariki. Miongozo yetu inakitaja kipimo hiki, lakini kukitaja hakutoshi pale ambapo vijiti vimeisha stoo, au flukonazoli iko hospitali ya mkoa na mgonjwa yuko kijijini.

Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila mwenye macho aliona jinsi kliniki zetu za VVU zilivyokuwa zimeegemea mkono mmoja. Waheshimiwa mlioko Wizara za Afya na Bungeni, vijiti vya CD4, vijiti vya fangasi, flukonazoli na posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni vitu ambavyo nchi zetu zinaweza kuvinunua kwa fedha zake. Viwekeni kwenye bajeti kwa majina yake, visifichwe ndani ya fungu la jumla ambalo huwa la kwanza kukatwa.

Na wewe ndugu msomaji unayeishi na VVU, au unayemuuguza mtu aliyerudi kwenye dawa baada ya kuziacha, katika hudhurio lijalo muulize mhudumu CD4 ni ngapi. Zikiwa chini ya 200, uliza kama damu imepimwa fangasi wa kriptokokasi, na majibu yakionyesha yupo, usiondoke bila kuelezwa dawa inaanza lini. Ni haki yako kuuliza, na majibu ya kipimo hicho hupatikana kwa dakika 10.