Daktari akichukua kinyama cha uvimbe wa kichwani, anatafuta nini?

Swali la wiki hii limetumwa na baba mmoja wa Mamba, huko juu kwenye tangawizi. Binti yake wa miaka 7 amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo jijini Dar es Salaam, na kinyama kilichotolewa kimepelekwa maabara. Wakati wanasubiri majibu, shemeji yake amewatumia video inayosema Marekani kuna tiba mpya inayosaka protini zilizo juu ya seli za saratani na kuziua. Ukoo umekaa kikao. Wapo wanaosema shamba liuzwe mtoto apelekwe. Anauliza: “Dada, hiyo tiba ni ya kweli au ni biashara?”

Tiba ni ya kweli. Na shamba msiuze, kaka. Naomba nieleze yote mawili.

Tuanze na hizo protini. Anayeishi tambarare ya Same, kule Makanya au Hedaru, ameona mbuzi wa maboma tofauti wakichanganyika kwenye maji. Mwenye mali hahangaiki, anatazama sikio. Mkato wake anaujua. Seli za mwili nazo zina alama juu ya ngozi yake, na nyingi ya alama hizo ni protini. Seli ya saratani mara nyingi hubeba alama fulani kwa wingi kupita kiasi, au hubeba alama iliyoharibika ambayo seli nzima hazina.

Alama hiyo ina kazi mbili. Kwanza, inamsaidia mtaalamu wa patholojia kujua uvimbe ni wa aina gani. Anakata kinyama vipande vyembamba sana, anaweka kemikali inayonata kwenye protini moja tu, na protini hiyo ikiwepo rangi ya kahawia inajitokeza kwenye hadubini. (Si alama zote ziko juu ya seli, nyingine ziko ndani, lakini namna ya kuzitafuta ni ileile.) Ndiyo maana majibu hayatoki siku moja kama ya malaria.

Pili, alama inaweza kuwa shabaha ya dawa. Kinamama waliotibiwa saratani ya titi huenda wamesikia neno HER2. Hiyo ni protini ya juu ya seli. Uvimbe ukiwa nayo kwa wingi, kuna dawa inayoitwa trastuzumab inayoishika hapohapo, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Kwa titi, basi, jambo hili limeshatoka kwenye utafiti na kuingia wodini.

Kwenye ubongo mambo yamekuwa magumu zaidi. Ubongo una ukuta wake unaozuia vitu vingi vilivyo kwenye damu visipenye, na dawa za aina hii zina umbo kubwa. Tena seli za uvimbe mmoja hazifanani: huyu ana mkato sikioni, jirani yake hana.

Watafiti walilipata somo hilo kwa gharama. Kuna protini iitwayo EGFRvIII, inayoonekana kwenye baadhi ya uvimbe mkali wa ubongo wa watu wazima uitwao glioblastoma. Ilitengenezwa chanjo ya kuufundisha mwili kuishambulia, ikajaribiwa kwa wagonjwa 745, na mwaka 2016 jaribio likasimamishwa kwa sababu waliochanjwa hawakuishi zaidi ya wenzao. Walipopima uvimbe uliorudi, wengi wao ile alama haikuwepo tena. Na haikuwepo hata kwa wengi ambao hawakuchanjwa! Uvimbe ulikuwa umeivua wenyewe.

Sasa hiyo video. Nadhani inazungumzia kazi ya Seattle au ya Stanford, zote Marekani. Madaktari huchukua askari wa kinga kutoka kwenye damu ya mtoto, huwafundisha maabara kuitambua alama moja, kisha huwarudisha, mara nyingi moja kwa moja kwenye majimaji yanayozunguka ubongo ili wasihangaike na ule ukuta. Seattle walilenga protini iitwayo B7-H3. Stanford walilenga GD2, ambayo kwa kweli si protini bali ni mchanganyiko wa sukari na mafuta.

Watoto wengi waliotibiwa hivyo walikuwa na uvimbe wa shina la ubongo, mahali ambapo kisu hakiwezi kuuondoa, na ambapo wengi hufariki ndani ya mwaka mmoja. Seattle walitibu 21, na watatu kati yao walikuwa hai zaidi ya miaka mitatu na nusu baada ya ugonjwa kugunduliwa. Stanford, katika ripoti ya 2024, walitibu wagonjwa 11. Tisa walipata nafuu, na mmoja uvimbe wake ulitoweka kabisa kwenye picha. Kwa ugonjwa ule, hizi ni habari kubwa. Lakini zihesabu: 21 na 11. Ni majaribio, yana madhara makali kama uvimbe kujaa na kubana ubongo, na mtoto huingizwa kwa masharti ya utafiti. Hakuna duka la kwenda na hela ya shamba ukauziwa. Anayekuambia lipo, mwogope.

Jambo ninalotaka ukoo ulisikie ni hili: uvimbe wa ubongo wa watoto si ugonjwa mmoja. Upo unaokua polepole, ambao ukitolewa wote mara nyingi tiba imeishia hapo. Upo medulloblastoma, mkali, lakini upasuaji, mionzi na dawa za saratani huponya takriban watoto 7 kati ya 10 katika nchi zenye vifaa vyote. Huwezi kujua wa binti yako ni upi kwa kumtazama usoni wala kwa video. Ni kile kinyama kitakachosema. Fedha yenu ya sasa ni ya nauli na malazi ya kufuata majibu, na ya kutokukatista mionzi katikati kwa sababu msimu wa kulima umefika.

Wazazi wengine mnaosoma, mtoto anayeumwa kichwa akiamka asubuhi na kutapika, siku baada ya siku, si wa kupewa dawa ya malaria mara tatu. Hali kadhalika anayeanza kuyumba akitembea, kuingiwa na makengeza ghafla, kuinamisha shingo upande, au kupata degedege bila homa. Uingereza walifanya kampeni ya kuwafundisha wazazi na madaktari dalili hizi, na muda wa kugundua ugonjwa ukashuka kutoka wiki 14 hivi hadi chini ya 7. Kutoka Same hadi KCMC Moshi ni kama kilomita 100 za lami. Kushuka kutoka milimani kwa bodaboda wakati wa mvua ndiko kugumu, najua, lakini ombeni rufaa mapema.

Kaka yangu wa Mamba, watani zetu Wachagga wanasema Mpare hachoki kesi. Siku ya majibu, nenda na huo ubishi. Uliza uvimbe unaitwaje kwa jina kamili na uandikiwe. Uliza umetolewa wote au umebaki. Uliza ni alama zipi zimepimwa, na kama kuna ambazo hazikupimwa na zingebadilisha tiba. Omba nakala ya majibu, na uliza kinyama kilichobaki kinatunzwa wapi, maana kinaweza kuhitajika tena. Kuhusu gharama, anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo kabla hujamwita mnunuzi wa shamba.