Fyuzi ikiungua, waya si dawa

Kwa mfanyabiashara anayekodisha muziki kwenye harusi na mikutano, amplifaya ndiyo mtaji. Ikizimika katikati ya shughuli, wengi hufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ili kazi iendelee. Huko ni kujitafutia hasara.

Fyuzi haiungui bure. Mara nyingi transista kubwa zinazosukuma spika zimepiga shoti. Waya ukiwekwa, transfoma nayo huweza kuungua, na umeme usiotakiwa ukafika kwenye spika na kuteketeza koili. Ugonjwa wa kifaa kimoja unakuwa wa vitatu.

Fundi makini hutafuta chanzo kwanza. Huunga balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye uzi, si ya kubana matumizi, katika njia ya umeme unaoingia. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, shoti bado ipo. Ikiwaka mara moja kisha ikafifia, anaweza kuendelea kupima.

Mwenye mali naye ana wajibu wake. Adai vipuri vilivyotolewa, na akague jinsi anavyounga spika. Spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba hubaki omu 2, mzigo unaozishinda amplifaya nyingi. Asiporekebisha hilo, hata transista mpya zitakufa.

Kusitisha muziki usiku mmoja na kumrudishia mteja sehemu ya fedha zake kunauma. Hata hivyo, ni nafuu kuliko kupoteza mtaji wote kwa kipande cha waya.