Land Rover Kuukuu na Mgongo wa Nyanya

Amu mjini vichochoro ni vya punda. Land Rover yako kuukuu hukungoja ng'ambo, Mokowe. Humo ndimo nyanya anamorushwarushwa hadi mgongo ukamuuma, nawe sasa wataka springi laini.

Ngoja kwanza. Hewa ya chumvi hutia kutu baina ya vyuma vya springi, vikashikana visiteleze. Mwambie fundi avifungue, avisugue, avipake grisi. Asipunguze vyuma ovyo: vilivyobaki huelemewa, vikakatika.

Wauzaji watakusifia springi za vyuma vichache, vinene katikati, vyembamba nchani. Kweli hizo hazikwaruzani sana, na gari huenda pole. Lakini kama kesho utapakia magunia ya nazi, mimi ningebaki na za zamani. Nyanya naye akae mbele, si nyuma juu ya ekseli.