Wateule au Wachache?

Watu wachache wanaposhika hatamu za nchi hawakosi kujitafutia jina tamu. Wagiriki wa kale walilifahamu jambo hilo, nao walikuwa na majina mawili. La kwanza ni aristokrasia, utawala wa walio bora, kutokana na neno aristos, "aliye bora kabisa". La pili ni oligakia, litokanalo na oligoi, "wachache", na arkhein, "kutawala". Watawala hupenda kuitwa kwa jina la kwanza; watawaliwa wana haki ya kuuliza kama si la pili.

Hata hivyo, idadi peke yake isituhadae. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu siasa, alishikilia kwamba kinachopambanua oligakia na demokrasia ni utajiri na umaskini: watu wakitawala kwa sababu ya mali yao, hiyo ni oligakia, wawe wachache au wengi. Mwaka 404 Kabla ya Kristo, Athens ilipokwisha kushindwa vitani na Sparta, watu 30 walikabidhiwa mji huo. Haki za uraia wakawaachia watu 3,000 tu. Wengine wakanyang'anywa silaha, na wakazi wageni wenye mali wakauawa ili mali yao itwaliwe. Nao walijinadi kwamba wanausafisha mji na waovu!

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2000 iliruhusu mgombea kuwapa wapiga kura takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Tazameni jinsi hongo ilivyovishwa kanzu ya ukarimu. Kura zilihesabiwa zote, lakini aliyekuwa na cha kugawa alikwisha kutangulia.

Wako wanaosema kwamba maskini akichaguliwa ataiba kwa njaa, heri aliyekwisha kushiba. Hoja hiyo tunaikataa. (Aliyeshiba ndiye aijuaye njia ya chunguni.) Tunaikataa hata inapotolewa parokiani, katika uchaguzi wa halmashauri ya walei, ambapo husemwa kwamba mwenyekiti sharti awe mtu wa kutoa mchango mnono. Katika sura ya 9 ya Mathayo, Injili iliyotufikia kwa Kigiriki, neno oligoi limetumika kwa watenda kazi wa mavuno: Bwana asema ni wachache, kisha aagiza waombwe wengine. Hakuagiza waulizwe kwanza wana shilingi ngapi.