Deni Letu kwa Mwandishi wa Kujitegemea

Mapigano ya kikabila yalipozuka Miteitei mwezi wa Oktoba 1991, kisha yakasambaa hadi Kakamega, Bungoma na Trans Nzoia, hatukungoja redio ya serikali itueleze. Tuliwategemea waandishi wa magazeti, na miongoni mwao wale wasio na ajira, waliolipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Septemba 1993 serikali iliyafunga maeneo ya Molo, Londiani na Burnt Forest kwa amri ya usalama, na waandishi wakazuiwa kuingia. Anayeficha moto huogopa shahidi.

Je, shahidi huyo analindwa na nani? Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Lakini sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini humkinga mwajiriwa. Anayelipwa kwa kila habari humwacha nje. Akijeruhiwa kwa mshale au risasi, gharama ni yake na jamaa zake. Mwenye gazeti hubaki na habari, mwandishi hubaki na kidonda.

Kwa hiyo natoa rai: Bunge liipanue sheria hiyo, wenye magazeti wamkatie bima kabla ya kumtuma penye vita, nasi mawakili wa Kakamega tumtetee bila malipo anapokamatwa. Sisi tuliodai vyama vingi tulinufaika na kalamu yake. Pongezi hazitoshi. Dawa ya deni ni kulipa.