Saa Iliyo Karibu na Waya Sio Lazima Iwe Saa ya Kweli

Nitasema hivi, na mkitaka mnipige mawe kwa komenti sawa tu: aliyewaambia kwamba muhuri wa saa ukipigwa karibu na waya ndio sahihi zaidi, aliwaambia nusu ya ukweli. Na hiyo nusu imekaa ndani ya kerneli ya Linux zaidi ya miaka 10, ikituchagulia saa bila kutuuliza.

Najua wengi wenu mko hapa kwa sababu ya kamera na maikrofoni, so mtauliza, "Sasa hii inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Leo sauti ya laivu inapita kwa mtandao, si kwa waya mnene wa zamani. Sauti ya 48 kHz ina maana sampuli moja kila maikrosekunde 20.8. Kila kisanduku kina kristali yake inayohesabu. Kristali ikikosea sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni kosa la kawaida kabisa, inapotea milisekunde 72 kwa saa moja. Ibada ya masaa mawili: milisekunde 144. Hapo pasta anafunga mdomo na neno bado linakuja. Mkiona hivyo mnasema "editor ni mbaya". Editor hana makosa, wasee. Saa mbili zimekosana.

Dawa yake inaitwa PTP, kiwango cha IEEE 1588. Kilitoka 2002, kikafanyiwa marekebisho 2008 na tena 2019. Mashine moja inakuwa bwana wa saa, zingine zinamfuata. Zinatumiana paketi, na kila paketi inaandikiwa ilitoka saa ngapi na ilifika saa ngapi. Ukijua hizo nyakati unapiga hesabu ya njia na unajua saa yako imepotea kiasi gani. Mfumo wote umesimama juu ya kitu kimoja: huo muhuri. Muhuri ukiwa mbovu, hesabu yote juu yake ni porojo.

Programu ikipiga muhuri, ni kubahatisha. Paketi inangoja foleni, prosesa iko bize na kazi ingine, dakika ile programu inaangalia saa paketi ilishafika kitambo. Ndio maana kazi hii inaachiwa chipu. Linux ilipata mlango wa kuomba mihuri ya chipu mwaka 2009, kwa kerneli 2.6.30. Halafu 2011, kwa toleo 3.0, kazi ya Richard Cochran ikaingia: saa ya chipu ikawa kifaa unachoweza kukifungua na kukisoma, ile `/dev/ptp0` mnayoiona. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza ukiuliza: chipu gani?

Kwa mlango mmoja wa mtandao kuna sehemu mbili. Kuna MAC, ambayo iko upande wa kompyuta na inapanga paketi. Kuna PHY, ambayo iko upande wa waya na inageuza biti kuwa umeme. Zote mbili zinaweza kuwa na saa na kupiga muhuri. Usidhani ni mambo ya mashine za pesa nyingi. Chukua Raspberry Pi tu: Compute Module 4 inapigia muhuri kwa PHY, chipu ya Broadcom BCM54210PE. Raspberry Pi 5 inapigia kwa MAC, ndani ya chipu yao wenyewe ya RP1. Jina moja la familia, saa imekaa mahali tofauti.

Na kuna mashine ambazo MAC inaweza na PHY pia inaweza. Hapo sasa nani anachagua? Kwa miaka yote hiyo dhana iliyojengwa ndani ya kerneli ilikuwa moja: PHY ikiweza, PHY kwanza. Iko karibu na waya, basi yeye ndiye anajua. Ukitaka kukataa, njia moja uliyokuwa nayo ni kujenga kerneli upya ukizima `CONFIG_NETWORK_PHY_TIMESTAMPING`. Yaani kubadilisha saa ya mlango mmoja, upike kerneli mzima. Hiyo ni kama kuhama nyumba kwa sababu balbu imeungua.

Hebu fikirieni geti la ofisi yoyote hapa Nairobi. Soja wa geti ana kitabu cha wageni, anaandika umefika saa ngapi. Ndani kwa risepsheni kuna kitabu kingine. Soja yuko karibu na barabara, kweli. Lakini saa yake inaonyesha dakika bila sekunde. Kumuuliza saa inabidi mtu atoke ndani, atembee hadi getini, arudi. Na kama jengo lina mageti manne, kila soja ana saa yake na hawajawahi kuzilinganisha. Sasa niambie, kesi ikiingia kortini ya nani alifika wa kwanza, utaamini kitabu gani? Kwanza utauliza hizo saa zikoje. Umbali kutoka barabarani ni swali moja tu kati ya mengi.

PHY nyingi ndio huyo soja, na sababu ni tatu.

Ya kwanza, mwendo wa saa yenyewe. Saa inayopiga kwa megaherzi 125 inaona hatua za nanosekunde 8. Inayopiga kwa megaherzi 25 inaona hatua za nanosekunde 40. Katikati ya hatua haioni kitu. PHY nyingi zina saa ya mwendo wa chini kuliko MAC. Waya wa mtandao unabeba habari kama sentimita 20 kwa nanosekunde moja. So ukisogea karibu na waya kwa upana wa kidole halafu ukatumia saa inayoruka nanosekunde 40, umeokoa sehemu ndogo ya nanosekunde ukapoteza hatua nzima ya mita 8.

Ya pili ndio inaniuma zaidi: njia ya kumfikia. Kompyuta inaongea na PHY kupitia kinjia chembamba kinaitwa MDIO. Mwendo wake wa kawaida ni megaherzi 2.5, na ujumbe mmoja ni biti 64 ili usome biti 16 tu. Pigeni hesabu: maikrosekunde 25.6 kwa kusoma rejista moja. Saa ya biti 64 inataka rejista nne, ikiwa ni zaidi ya maikrosekunde 100. Sasa kumbukeni kuna programu inaitwa `phc2sys`, kazi yake ni kulinganisha saa ya chipu na saa ya kompyuta. Njia yake ya kawaida inasoma saa ya kompyuta, inasoma ya chipu, inasoma ya kompyuta tena, kisha inachukulia jibu liko katikati. Dirisha likiwa maikrosekunde 100, kosa linaweza kufika maikrosekunde 50 upande wowote. Hizo ni zaidi ya sampuli mbili za sauti, kwa kitu kilichonunuliwa kwa sababu ya nanosekunde! MAC iliyo ndani ya kadi au ndani ya prosesa unaisoma kwa maikrosekunde moja ama chache, basi.

Ya tatu, mageti manne. Suichi yenye milango minne na PHY nne ina saa nne, na mara nyingi hakuna waya wa kuziunganisha. Lazima programu ikimbie katikati kuzisawazisha kila wakati, kupitia kile kile kinjia cha MDIO. MAC moja yenye saa moja kwa milango yote haina hiyo drama.

Sasa kabla watu wa PHY hawajavunja keyboard, nisikilizeni. Sisemi "MAC oyee". Kuna PHY zilizotengenezwa hasa kwa kazi hii. DP83640 ya National Semiconductor ilikuwa ya kwanza kupata draiva ya aina hiyo kwa Linux, na ilistahili heshima. Kuna pia PHY zinazofanya kazi nzito ndani yake, kama kufunga data kwa MACsec. Hapo paketi inachelewa ndani ya PHY kwa muda usiotabirika, na MAC ikipiga muhuri inaandika saa ambayo paketi bado haijatoka. Kwa mashine kama hiyo nipe PHY, hata leo.

Ndio maana nasema sheria ya "karibu na waya" ni mbovu, na "kaa ndani" ingekuwa mbovu vile vile. Jibu linategemea chipu, bodi na kazi. Anayejua hayo matatu ni mtu aliye na mashine mkononi. Kerneli haiwezi kujua.

Na hii si ndoto yangu. Cochran mwenyewe alishapendekeza chaguo hili, kisha Köry Maincent wa Bootlin kule Ufaransa akalibeba, akarudisha toleo baada ya toleo hadi likakubaliwa mwisho wa 2024. Likatoka ndani ya Linux 6.14, Machi 2025. Sasa unaweza kuchagua saa ya kupigia muhuri mashine ikiwa inatembea, kwa `ethtool --set-hwtimestamp-cfg`, ukiitaja kwa namba yake. Na kwa PHY mpya, chaguo-msingi limegeuzwa: MAC kwanza. Draiva za PHY za zamani zimewekewa alama ili ziendelee kama zamani, maana kanuni ya kerneli ni kutovunja kazi ya mtu iliyokuwa inaenda. Hiyo naiheshimu. Lakini soma tena hapo: kama mashine yako ni ya zamani, sheria ya zamani bado inakutawala mpaka wewe mwenyewe uibadilishe. Hakuna mtu atakuja kukubadilishia.

Pingamizi kubwa ninalosikia ni hili: "Mtu wa kawaida hajui hayo, mpe chaguo-msingi zuri akae." Nakubali nusu, mpe zuri. Lakini mpe na ufunguo. Chaguo-msingi bila ufunguo ni amri, hata ukiliita jina tamu vipi. Mwaka jana nilikodisha visanduku viwili vya sauti kwa kazi ya laivu. Sauti ilikuwa inakwaruza kila baada ya dakika chache. Mwenye navyo akaniambia, "Saa iko sawa, ni PTP." Nikamuuliza, saa gani, ya MAC ama ya PHY? Kimya. Nikauliza kerneli gani iko ndani. Akaniuliza nimesomea wapi. Boss, niliacha chuo, sikuacha kusoma. Na swali langu halikuwa gumu: anayenikodishia saa anapaswa kujua anakodisha ipi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hii kitu haiishii kwa sauti. Minara ya simu inayopokezana kutuma na kupokea kwa masafa yale yale, kama mingi ya 5G, inatakiwa isikosane na saa kuu zaidi ya maikrosekunde 1.5. Ulaya, tangu Januari 2018, mashine zinazouza na kununua hisa kwa kasi kubwa hazikubaliwi kupotea zaidi ya maikrosekunde 100 kutoka UTC. Logi ya nani alilipa kwanza, nani aliingia kwanza, nani alituma kwanza, yote inasimama juu ya saa ambayo mtu alichagua. Kama hujui nani alichagua, huna ushahidi. Una namba tu.

Kwa hivyo, wauzaji: andikeni kwa karatasi muhuri unapigwa wapi, saa yake inatembea kwa mwendo gani, na kerneli ni toleo gani. Mistari mitatu. Mnaandika rangi ya boksi, hii mnashindwaje?

Na nyinyi wasee wangu wa seva na laivu, kazi ya wikendi ni hii. Piga `ethtool -T` kwa kila mlango uone chipu inaweza nini. Kama kerneli na ethtool yako ni mpya, uliza pia saa gani inatumika sasa kwa `--get-hwtimestamp-cfg`. Jaribu moja, jaribu nyingine, usiku mzima kila moja. Ukiona tofauti ya sekunde 37 kamili usipige nduru, hiyo ni TAI na UTC, si ubovu. Na msidanganywe na namba ndogo tamu ambayo `ptp4l` inachapisha. Hiyo ni saa ikijipima kwa mihuri yake yenyewe, ni mwanafunzi amepewa kalamu nyekundu asahihishe mtihani wake. Toa mpigo wa sekunde kutoka mashine mbili, weka kwa osiloskopu, angalia kwa macho. Kama huna, azima. Maabara za vyuo zinazo, nyingi zinakula vumbi.

Kisha leteni matokeo hapa: chipu gani, kerneli gani, mlipima na nini. Nitayaweka kwa posti moja ili anayenunua kesho asinunue gizani. Lakini ukija na "iko karibu na waya" peke yake, nitakujibu na swali moja tu: na saa yake inatembeaje?