Isaya 14: Mfalme Yule Alikuwa Mtu



Kila mara sura ya 14 ya Isaya inaposomwa katika ibada ya asubuhi, wengi wanasemaka: «Ile ni habari ya Shetani.» Sisi hatukubali. Mstari wa 4 unasema wazi ni mfalme wa Babeli, na mstari wa 16 unamwita mtu. Sasa Shetani anaingia wapi?

Nabii anamfananisha mfalme na nyota ya asubuhi, ile inayong'aa sana mbele ya jua, halafu jua linatoka nayo inapotea. Kwa Kilatini nyota hiyo iliitwa Lucifer, na watu wakalifanya neno hilo jina la Shetani. Walisaidiwa na Luka 10:18, ambapo Yesu anasema aliona Shetani akianguka. Neno hilo ni kweli, lakini ni la Luka. Calvin, katika karne ya 16, alikataa kabisa kwamba Isaya anasema juu ya Shetani. Na Biblia ya Kifaransa ya Segond, ya 1910, haina jina Lucifer hapo.

Angalieni basi makosa ya mfalme huyu. Alipiga mataifa bila kupumzika. Aliharibu miji. Hakuacha wafungwa warudi kwao: Yehoyakini wa Yuda alikaa kifungoni Babeli mpaka mwaka wa 37 (2 Wafalme 25:27). Hata miti ya Lebanoni inafurahi, mstari wa 8, kwa kuwa mkataji hapandi tena. Tunapenda sana mstari huo! Na si mfano tu. Nebukadneza aliandikisha juu ya mwamba, kule kule Lebanoni, namna alivyokata mierezi yake. Alijisifu nayo. Halafu mwaka 539 mbele ya Kristo, Koreshi akateka Babeli.

Tukisema ni Shetani tu, kila mwenye cheo anapumua: kumbe si mimi. Hata sisi tuliopewa cheo kidogo cha kusimamia wenzetu. Mkubwa anatuma mdogo wa mwaka wa kwanza kumchotea maji usiku. Mdogo akikawia, anafuta jina lake katika orodha ya wanaotoka Jumamosi. Asubuhi anasikiliza Isaya 14 mikono imekunjwa, na haoni kama mstari wa 17 unamhusu.

Mwenye kuona namna ingine aandike. Nafasi iko katika numero ijayo.